Sindano ya Rangi

Mkono wa Kunigunda ulikuwa mwepesi, na hilo halikuwa jambo la kubishania pale kijijini Chiwanda, kando ya ziwa. Mtoto akichomwa na wauguzi wengine alilia mpaka akatapika maziwa. Akichomwa na Kunigunda, alikuwa bado anapima alie au asilie, na sindano imeshatoka. Kwa miaka ishirini na miwili alifanya kazi hiyo zahanati, na nusu ya kijiji walikuwa na kovu lake begani. Vijana wenye ndevu walimwamkia njiani, "Shikamoo, Mama Nesi," huku wakijisugua bega kwa utani, eti kovu limemtambua mwenyewe. Naye aliitikia marahaba na kuwaambia, "Fanyeni mchezo, nitawaongeza la pili."

Kazi aliipenda, na si kwa ajili ya mshahara. Mshahara wa muuguzi msaidizi nani asiyeujua? Aliipenda kwa sababu ya Lidia. Lidia alikuwa mwanawe wa kwanza, na surua ilimchukua akiwa na miezi kumi, mwaka wa sitini na tisa, wakati ambapo watu wa ziwani walikuwa hawajaisikia chanjo ya surua hata kwa jina. Kwa hiyo kila alipomaliza kumchoma mtoto wa miezi tisa, Kunigunda alisema kimoyomoyo, "Huyu humpati ng'o." Alikuwa anaiambia surua. Kwa mama wa mtoto alikuwa na maneno mengine, yale yale miaka yote: "Atapata homa kidogo. Usiogope, mwanangu. Homa ndiyo dalili kwamba imeshika." Wanawake wa Chiwanda waliyajua maneno hayo kama wanavyoijua Salamu Maria.

Halafu yakaja mageuzi. Mwaka wa tisini na tano ikateremka barua kutoka wilayani Mbinga kwamba Serikali inapunguza watumishi, na wasio na vyeti vikubwa wawapishe wenye navyo. Kunigunda akapisha. Zahanati ikabaki na mganga kijana, Cuthbert, mtoto mzuri, msomi, lakini Mungu hampi mtu vyote: mkono wake ulikuwa mzito kama wa mponda kokoto. Siku ya chanjo kina mama walijipanga, wakamtazama Cuthbert, wakauliza, "Mama Nesi yuko wapi?" Cuthbert mwenyewe akamfuata nyumbani. "Mama, njoo unisaidie tu. Hawanitaki." Akaenda. Kila mwezi alikwenda bila kulipwa, akavaa gauni lake jeupe lililopauka na kukaa kwenye stuli ile ile. Moyo wake ulitulia hapo.

Mwaka uliofuata ndipo Nurdini alipoingia kijijini na Landrova yake. Alikuwa mfanyabiashara wa Mbinga mjini, baba yake mtu wa Kilwa aliyepanda juu kuuza kanga zamani. Kijana mpole, mwenye haraka, asiyekosa kuamkia. Akakodi ghala la ushirika lililokuwa la mpunga, maana ushirika wenyewe ulikuwa umeshakata kamba, akajenga mle ndani matangi manne ya saruji. Kisha akatangaza kwamba ananunua mbuna. Wazima.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mbuna! Visamaki vya kwenye mawe, miiba mitupu, ambavyo hata paka huvitazama mara mbili kabla ya kuvila.

"Wazungu wanawafuga ndani ya vioo, sebuleni," Nurdini alieleza. "Wanawatazama."

"Wanawatazama tu?" aliuliza Hildegardi, mwanamke mwenye mdomo kuliko wote pale. "Hawawali?"

"Hawawali."

"Basi hao wameshiba," akasema Hildegardi, na siku ya pili akawa wa kwanza kuja na ndoo kuomba kazi.

Kazi ilikuwapo. Florian, mtoto pekee aliyembakia Kunigunda, akawa mzamiaji: alikwenda na wenzake kwenye miamba na vyandarua, wakawatoa mbuna mmoja mmoja kama mtu anayechambua mchele. Wanawake kumi na mmoja wakawa wanateka maji ziwani asubuhi na jioni, kwa sababu samaki wale walitaka maji mapya kila siku. Na Kunigunda akapewa kuwatunza, kwa kuwa Nurdini alisikia yeye ni mtu wa dawa.

Akawatunza kweli. Alijifunza haraka kwamba dume mkorofi atengwe, vinginevyo anawararua wenzake mapezi. Kwamba chakula kikizidi maji yanachacha. Kwamba samaki mwenye afya anakuja tangi linapogongwa, na mgonjwa anajibanza pembeni. Na majike wenye watoto aliwaweka tangi la peke yao. Mbuna jike hulea watoto mdomoni. Anawaficha humo majuma matatu, hali kitu, kidevu kimemvimba, mpaka wawe wakubwa wa kujitegemea. Watu wa ziwa wana mwiko juu yake: ukimvua jike mwenye watoto mdomoni unamrudisha majini na kumwambia, "Nenda kalee." Hata mlevi wa kijiji hamli. Kunigunda alipowatazama majike wale walivyofumba midomo kwa nguvu, njaa inawauma na hawafungui, aliwaheshimu kama anavyoheshimu mzazi yeyote.

Hapo nyumbani kwake nako kulikuwa na mzazi. Mke wa Florian, Restituta, alikuwa Mmatengo wa milimani, binti wa wakulima wa kahawa, na ziwa lenyewe alilionea ukubwani. Aliogopa maji, mamba na radi. Lakini alikuwa mchapakazi, naye akateka maji pamoja na wenzake, mtoto mgongoni. Mtoto huyo, Frederick, ndiye aliyekuwa jua la nyumba. Kunigunda alimwita "mume wangu", kama bibi yeyote, na kila jioni alimdai mahari. Siku za mtoto alizihesabu kwenye kalenda ya parokia ukutani. Alikuwa ameizungushia duara tarehe kumi na sita Agosti, siku atakayotimiza miezi tisa. Akishaifikia angechomwa ya surua, na angemchoma bibi yake mwenyewe.

Mwezi wa Juni Nurdini akaja ghalani na boksi kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona uso umekunjamana kama umelamba shubiri?"

Nurdini akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mnunuzi wa Dar es Salaam amenirudisha nyuma. Anasema madume wa bluu ndio wanaotakiwa. Majike wana rangi ya vumbi, hawana soko. Anasema wenzetu wa nchi nyingine huwachoma rangi." Akafungua boksi: chupa ndogo za bluu, waridi na kijani, na sindano nyembamba ishirini.

Kunigunda akaitazama sindano moja, akaitazama na ile chupa. "Huwachoma wapi?"

"Chini ya ngozi. Mgongoni, ubavuni, mara tano sita kila mmoja."

"Na rangi inakaa?"

"Miezi michache. Ikipauka, samaki yuko kwa mwenyewe huko."

"Kwa hiyo samaki anaumizwa, mzungu naye anadanganywa. Yupo mwingine, au ndio wote?"

Nurdini akacheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Mama, samaki hasikii maumivu."

"Umemuuliza?"

"Hawezi kusema."

"Na mtoto wa miezi mitatu hawezi kusema. Mimi najua anapoumia."

Nurdini akafunga boksi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila ukali, kwamba asipopata majike wa rangi hana cha kupeleka, na asipopeleka anafunga ghala. Hakumtishia. Alikuwa anasema hali ilivyo, na ndiyo maana ilikuwa mbaya zaidi. Kunigunda aliwasikia nje wanawake wanashusha ndoo, Hildegardi anachekesha watu, Restituta anambembeleza mtoto. Akamfikiria Florian, ambaye kabla ya mbuna alikuwa anazunguka tu, mara Mbinga kwenye vibarua vya kahawa, mara Ngaka kuuliza kama wanaanza kuchimba makaa. Wenye njaa hawana miiko, walisema wazee, nao walikuwa wanajua.

"Nitachoma," akasema. "Lakini kila sindano naichemsha. Na jike mwenye watoto mdomoni simgusi."

"Wallahi, mama. Neno lako."

Akachoma. Alimshika samaki kwa kitambaa kibichi, macho kayafunika, akaingiza ncha chini ya magamba kwa ule mkono wake mwepesi, na mstari wa bluu ukatambaa chini ya ngozi. Samaki alitetemeka mara moja tu. Loo, ni aibu kusema, lakini Kunigunda alijisikia fahari kidogo. Mkono ulikuwa bado upo.

Baada ya saa moja samaki walilala chini ya tangi, mapezi yamewabana, wanahema upesi. Nurdini akaingiwa na hofu. "Mama, wanakufa!"

"Hawafi. Ni homa kidogo tu. Homa ndiyo dalili kwamba imeshika."

Neno hilo alilisema bila hata kufikiri. Lilikuwa limekaa mdomoni miaka ishirini na miwili, likatoka lenyewe. Na wanawake wa ndoo walikuwapo mlangoni, wakalisikia, wakacheka. "Mama Nesi anachanja hadi samaki!" Hakuna aliyeona ubaya siku hiyo. Wachache walikufa, wengi wakaamka, wakafungwa kwenye mifuko ya plastiki yenye maji na gesi ya oksijeni ya mafundi wa kuchomelea, wakapanda Landrova kwenda Mbinga na huko mbele. Mnunuzi akapeleka salamu kwamba anataka wengi zaidi.

Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Julai nzima Kunigunda alichoma. Sindano zikapinda, zikawa butu, zikapungua mpaka ikabaki moja. Nurdini aliagiza nyingine Dar es Salaam, hazikuja. Siku ya Alhamisi, tarehe mosi Agosti, Landrova ilikuwa inanguruma nje, mifuko inasubiri, na samaki wa rangi walikuwa nusu ya waliotakiwa.

"Mama, sindano moja tu haitoshi?"

"Samaki mia kwa sindano moja? Mgonjwa mmoja atawaambukiza wote."

"Basi zahanati hawana?"

Kunigunda alipaswa kusema hawana. Badala yake alikwenda zahanati kumsalimu Cuthbert, na Cuthbert alipotoka kumtazama mgonjwa, alifungua lile kopo la sindano za chanjo, zile zinazochemshwa na kurudiwa, akatoa mbili. Alijiambia kwamba anaazima tu. Alizitumia, na jioni ile ile alizichemsha mara tatu, akazihesabu dakika kwa saa ya mkononi, akazirudisha mahali pake. Kwa elimu yote aliyokuwa nayo, zilikuwa safi. Lakini alizirudisha Cuthbert akiwa hayupo, na mtu hafichi jambo analoliona halali.

Na majike? Majike wa kawaida walikuwa wamekwisha. Nurdini alisimama mbele ya lile tangi la peke yao, akamtazama Kunigunda kwa macho ya kuomba. Kunigunda akachukua kitambaa. Akaingiza mkono.

Jike wa kwanza alipochomwa alifungua mdomo. Watoto wakamwagika juu ya kile kitambaa kibichi, ishirini hivi, kila mmoja mdogo kuliko mbegu ya mtama, wana macho tayari, wanarukaruka. Kunigunda akawakusanya haraka kwa kijiko kuwarudisha majini. Aliponyanyua uso aliwaona wanawake wote mlangoni na ndoo vichwani. Hildegardi aliishusha ndoo yake polepole. Restituta alikuwa ameupeleka mkono nyuma, kaushika mguu wa Frederick.

"Mama," akasema Restituta, "huyo si wa kurudishwa?"

"Atapona."

"Mbona anahema hivyo?"

"Ni homa tu," Kunigunda akajibu, na alijua anachosema, na bado akasema. "Ndiyo dalili kwamba imeshika."

Akaendelea mpaka tangi likaisha.

Landrova iliondoka na waliochomwa asubuhi. Wale wa mwisho walibaki wapumzike, wapelekwe Jumamosi. Ijumaa kulipokucha wanawake walifika na maji wakawakuta wanaelea wote, chali, wa bluu na wa waridi na wa kijani, juu ya maji yenye utando. Nurdini mwenyewe aliwatoa kwa ndoo na kuwamwaga mchangani nyuma ya ghala. Kuku wa jirani walikuja, wakadonoa mara moja, wakaondoka. Wanawake walisimama wakiangalia kuku wanavyoondoka. Kisha Hildegardi akatema mate chini na kusema, si kwa sauti kubwa, "Imeshika kweli kweli."

Katika juma lile maneno hayo yalizunguka kijiji kizima. Mtu akiugua malaria: imeshika. Mbuzi akifa: imeshika. Watu walikuwa wanacheka, lakini si kicheko kile cha zamani. Na vijana waliomwamkia Kunigunda waliacha kujisugua bega.

Jumamosi tarehe kumi na saba ilikuwa siku ya chanjo. Cuthbert alipiga mbiu mapema, kwa sababu wasafiri waliovuka kutoka Msumbiji walikuwa wameleta habari kwamba kule ng'ambo ya mpaka surua inazika watoto. Kunigunda akafua gauni jeupe, akalinyoosha kwa pasi ya mkaa. Akafika wa kwanza. Chupa za chanjo zilikuwa kwenye friji la mafuta ya taa, kopo la sindano mezani, na daftari limefunguliwa. Wakakaa. Saa tatu, hakuna mtu. Saa tano akapita mwanamke na mtoto mgongoni. Alipomwona Kunigunda barazani alivuka upande wa pili wa barabara.

"Labda wako shambani," akasema Cuthbert.

"Mwezi wa nane wanalima nini?" akajibu Kunigunda. Alivua viatu, akaenda nyumbani pekupeku, ili afike upesi.

Restituta alikuwa jikoni. Alipomwona mama mkwe wake alimchukua Frederick kutoka mkekani na kumfunga mgongoni.

"Mwanangu, mbona hujaja? Jana ametimiza miezi tisa."

"Simleti, mama. Nisamehe."

"Restituta. Surua iko mpakani. Nilikuambia habari za Lidia."

"Uliniambia."

"Basi?"

Restituta akakaza fundo la kanga. Tangu aolewe hakuwahi kumkatalia mama mkwe hata kikombe cha maji, na sasa hakujua aweke wapi mikono. "Wanawake wanasema sindano ulizowachomea samaki ni za zahanati. Wanasema Hildegardi alikuona unazirudisha. Mimi sikuamini. Nikasema nitakuuliza mwenyewe, na nitakalolisikia kwako ndilo nitakalolishika." Akamtazama usoni. "Niapie, mama. Kwa roho ya Lidia. Niapie kwamba sindano iliyomo kwenye kopo lile haijaingia kwa samaki, na mimi nakukabidhi mtoto sasa hivi."

Jamani, si angeapa tu! Neno moja. Mungu aliyewaumba mbuna na watu angemsamehe bibi mzee uongo mmoja. Angeapa, angembeba mume wake mpaka barazani, ingekuwa kufumba na kufumbua. Mwenyewe aliujua uongo huo, ulikuwa pale ulimini. Lakini Restituta alikuwa amesema kwa roho ya Lidia, na ulimi haukuinuka.

"Nilizichemsha," akasema. "Mara tatu. Zilikuwa safi, mwanangu, kuliko mikono yangu."

Restituta akainamisha kichwa. Alikuwa analia. "Hata wale ulisema watapona," akasema, akatoka nje na mtoto.

Kunigunda akalia pale pale jikoni, akiwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi. Alipomaliza akanawa uso, akafanya alichoona ndicho haki: akamrudia Cuthbert na kumweleza yote. Kijana yule hakumkemea. Alichukua lile kopo na kulimwaga lote shimoni, sindano zilizoguswa na zisizoguswa.

"Mama, wakija kuniuliza siwezi kusema ni zipi," akasema. "Naandika Mbinga walete nyingine, mpya. Nitawaita tena watu nikiwa nazo mkononi."

"Zitachukua muda gani?"

"Juma moja. Mawili."

Kwa hiyo sasa hata mama ambaye angetaka hakuwa na sindano ya kuchomewa mtoto wake. Ukweli wake ulikuwa umefunga zahanati. Mchuma janga hula na wa kwao, na huyu alikilisha kijiji kizima. Barua ilipanda Mbinga na lori la mihogo. Florian alikuwa Mbamba Bay na wazamiaji, maana Nurdini alikuwa amehamishia kazi huko, kafunga ghala bila kelele, kamwachia Kunigunda salamu na kilo mbili za sukari. Kunigunda akampelekea mwanawe ujumbe aje azungumze na mkewe. Florian akajibu kwamba atakuja mwezi ujao. Kila siku Kunigunda alisimama barabarani kutazama magari. Juma la kwanza likapita. Juma la pili akasikia kwamba mtoto wa upande wa kusini mwa kijiji ana vipele, kisha watatu, kisha akaacha kuuliza. Nyumbani Restituta alimpikia, akampa maji ya kunawa kwa magoti kama kawaida, lakini mtoto hakumweka chini. Kunigunda alimchekea mume wake kwa mbali, juu ya bega la mama yake, na mume wake alimchekea pia, meno mawili.

Sindano zilifika Jumatano ya juma la tatu, mpya, kila moja ndani ya karatasi yake, na gari la chanjo lenyewe. Cuthbert alimtuma mtu mbio. Kunigunda alivaa gauni jeupe bila kulipiga pasi. Na alipotoka mlangoni alimkuta Restituta amesimama uani, Frederick mikononi, kwa mara ya kwanza tangu siku ile amemshika kwa mbele.

"Nimesikia zimekuja mpya," akasema Restituta. "Nimekuja mwenyewe, mama. Mchome."

Kunigunda akampokea. Alikuwa wa moto. Macho yalikuwa mekundu yanatoka tongo, pua inachuruzika, na alipokohoa kifua kizima kilikwenda. Akamgeuza kichwa taratibu kwenye mwanga wa asubuhi, akatazama nyuma ya masikio. Vipele vilikuwapo, vidogo, vinaanza kuteremka shingoni. Akaangalia ndani ya mdomo, na alichokijua akakiona, vidoa vyeupe mashavuni kwa ndani. Alikuwa amekiona mwaka wa sitini na tisa.

"Tangu lini?"

"Homa tangu juzi. Nilidhani meno." Restituta alikuwa anamtazama mkono, ule wa kulia. "Twende, mama. Si zimekuja?"

"Zimekuja."

"Basi mchome."

Chanjo humkuta mtoto kabla. Ugonjwa ukishaingia, sindano zote za Mbinga na Dar es Salaam haziwezi kuurudisha mlangoni. Kunigunda alikuwa amewaeleza kina mama hilo mara elfu, na sasa hakupata namna ya kulieleza. Akambana mtoto kifuani. Kulikuwa na matone ya vitamini zahanati, akajiambia; kulikuwa na maji ya chumvi na sukari, na kitambaa cha kumpangusa, na chumba chenye giza kwa ajili ya macho. Aliyajua hayo yote. Lidia naye alipata kitambaa na chumba chenye giza.

Restituta aliona jinsi alivyombana. Akamshika mkono wake mwepesi kwa mikono yake miwili.

"Ni homa tu, mama, siyo?" akasema. "Sema kama unavyosema siku zote. Tafadhali. Liseme lile neno lako."

Kunigunda akafungua mdomo. Mtoto alikohoa, akamshika gauni. Yule mtu wa Cuthbert alikuwa bado amesimama njiani, anauliza kama Mama Nesi anakuja, maana leo, alisema, watu wamejaa, foleni imefika barabarani, wote wanamsubiri yeye.